Kundi la ngoma ni la nani? Barua zenu kutoka Lamu na Malindi

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja na jambo moja, wale watu wetu wanaobeba vikundi vya mtaani, vya ngoma, vya maulidi, vya taarabu, vya akina mama wa vugo wanaogonga pembe na kuimba kwenye arusi, watu ambao hawana ofisi wala mshahara lakini ukiwatoa tu mtaa unapoa. Nimefurahi sana kuzisoma. Nimechagua hizi, majina nimeyatoa kama mlivyoomba na nyingine nimezifupisha kidogo.

Hoteli inatulipa, wazee wamekasirika

*Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, tuna kundi letu la kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, na matwari (matari), tulianza tukiwa wadogo madrasa moja tukaendelea hivo hivo, na mimi ndo wamenifanya mwenyekiti. Mwaka jana hoteli moja ikatuita tucheze kwa wageni wakatulipa vizuri wallahi, wakatuita tena na tena. Sasa vijana wengine hawataki tena kwenda arusi za mtaa manake kule ni pilau na ahsante. Juzi kulikuwa na arusi ya jirani yetu wakatokea watatu tu, wazee wakaja juu wakasema tumeuza ngoma yao. Vijana nao wanasema wana watoto wa kulisha. Nifanyeje, nivunje kundi au niligawe mawili?*

Wa aleikum salaam mwanangu. Usivunje na usigawe. Ukigawa, lile la hoteli litaishi misimu michache na wachezaji wale wale mpaka magoti yachoke, na lile la mtaa litabaki na wazee na hasira zao.

Kwanza tuweke hili sawa, pesa si kosa. Mpiga zumari hapa kwetu anatuzwa tangu zamani, anatuzwa mbele za watu, na hakuna aliyesema kauza ngoma. Kwa hivo wazee wakisema mmeuza usidhani wanaongelea zile pesa, wanaongelea ile arusi. Jirani anaoza mwanawe, anaangalia mlangoni haoni vijana wa mtaa wake. Hilo ndo linalouma na hilo ndo la kurekebisha mwanzo, nendeni kwake mkamwombe radhi nyinyi wenyewe, msitume mtu.

Alafu waeleze vijana wako jambo la kibiashara kabisa, kile hoteli inachonunua kinatengenezwa mtaani. Kirumbizi hakifunzwi darasani. Mtoto anasimama ukutani kwenye arusi, anaona ngoma zinapashwa moto ngozi ikaze, anasikia zumari linaanza, mzee anaingia na bakora yake anazunguka taratibu kama hana haraka na mtu, mwengine anaingia kumkabili, fimbo inapokea fimbo, na mtoto anajifunza palepale kwamba ukipigwa hukasiriki, unacheka, unatoka, unampisha mwenzio. Hiyo adabu ya kuingia na kutoka ndo kirumbizi chenyewe, kule kurusha fimbo ni sehemu ndogo tu. Hoteli inawapa dakika zao chache, mmepangwa wawili wawili, wageni wanapiga picha, bas. Hakuna mtoto ukutani. Mkiendelea hivo mtakuja kutafuta wa kuwarithi hamumuoni, na hoteli nayo haitakuwa na cha kununua.

Sasa kazi yako wewe mwenyekiti. Tafuta daftari kubwa, upande mmoja andika siku za mtaa: arusi zinazokuja, hitma, na mwezi mzima wa Mfungo Sita manake Maulidi ikifika Lamu yote iko msikitini Riyadha na zefe, yale maandamano ya kasida, inapita pwani, hapo hakuna kundi la Langoni la kuwa kwengine. Hizo siku zinaandikwa kwanza. Hoteli ikipiga simu unafungua daftari unawaambia siku hiyo hatupo, tupo siku fulani, na utaona wanakubali, mtu anayekutaka anakungoja. Upande wa pili andika pesa, zimeingia ngapi, nani alicheza, nani kapewa nini, na sehemu fulani iwekwe kwa ajili ya wale wanaokwenda arusi za bure ili na wao warudi nyumbani na kitu hata kama ni cha mboga. Isome hiyo hesabu kwa sauti watu wakiwa wamekaa, usiitume kwenye grupu la WhatsApp usiku ukalala. Vikundi vingi nimeviona vikifa hapa pwani, na ukiuliza sana utakuta havikufa kwa kukosa pesa, vilikufa siku watu walipoanza kunong'ona kuhusu pesa.

Na wazee wape kazi. Usiende kuwaomba baraka tu halafu uondoke, nenda uwaulize ni yapi yanaweza kwenda kwa wageni na yapi hayaendi. Mimi kwa upande wangu nitasema wazi, kasida za maulidi msizipeleke mahali watu wamekaa na chupa, kirumbizi na goma sawa, ni mchezo na fahari ya mji, lakini sifa za Mtume zina mahali pake. Mzee akishakaa kwenye kuchagua hawezi tena kusema mmeuza.

Na nyinyi wa Langoni mna mfano mkubwa kuliko wote hapohapo mlangoni kwenu. Habib Saleh alikuja Lamu kutoka Ngazija karne ya 19, wakati huo mji umegawanyika, Mkomani nyumba za mawe na wenyewe, Langoni nyumba za udongo na makuti na watu wa kuja, na wale waliotoka utumwani hawakuwa na nafasi kwenye darasa za wakubwa. Yeye akawafungulia mlango akawasomesha, na maulidi yakasomwa kwa matwari watu wakiyumba kwa pamoja, wakubwa wengine wa mji wakapinga sana jambo hilo. Akaendelea. Leo Riyadha aliyoianzisha inaleta watu kutoka pwani nzima na nchi za nje na Mkomani na Langoni wote wanakaa mkeka mmoja. Hakuanza na wafadhili wala jengo kubwa, alianza na watu ambao hakuna mwengine aliyewataka, na wao ndo waliolijenga. Kwa hivo mwanangu ukitaka kujua kundi lako liko hai au la, usihesabu mialiko ya hoteli. Angalia kama mtu wa mtaa akipatwa na shughuli, ya furaha au ya msiba, jina lenu linamjia kichwani kabla hajalala.

Tunasajili vipi?

*Mwalimu tuko kikundi cha uchoraji na mashairi hapa Malindi tunataka kusajiliwa, kila mtu anatuambia lake, mara wakili mara chifu. Tunaanzia wapi?*

Wakili si lazima. Tangu sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Muwe watu wasiopungua 10, mwende na katiba yenu fupi, muhtasari wa kikao mlichokubaliana kusajili na kuchagua viongozi, na orodha ya wanachama na namba zao za kitambulisho na sahihi. Ada na muda cheti kinadumu muulize palepale dirishani na mdai risiti. Mkipata cheti fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na hao watatu wasitoke nyumba moja.

Katiba msinakili ya watu. Kaeni muandike wenyewe kwa Kiswahili mnachokielewa, hasa kile kifungu cha mtu akiondoka vitu vya kundi vinabaki wapi, spika, maiki, ngoma, brashi. Hapo ndo ugomvi huwa unatokea.

Wanasema ngoma yetu ni ya mizimu

*Hujambo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Muyeye, Malindi. Mimi ni Mgiriama, majirani zangu ni Wabajuni na Waswahili na kuna mama wa Kikamba, tulianza kukutana jioni tukishaanika nguo, mmoja akaimba mwengine akaleta kayamba, sasa tuko kundi kweli, tunacheza mwanzele na chakacha na nyimbo za kila mmoja. Watoto wanapenda sana. Lakini sasa kuna maneno, kanisani kwangu wameniambia kayamba ni ya mizimu, msikitini kwa wenzangu nao wanaambiwa wanacheza ngoma za makafiri. Na kuna bibi mmoja mzee sana anatufundisha nyimbo, watoto wake wamemkataza kuja, wanaogopa ataitwa mchawi. Mume wangu ananiambia niache. Moyo wangu hautaki.*

Dadangu, sijambo, na barua yako nimeisoma mara nyingi. Nianze na huyo bibi sababu hilo si jambo dogo. Wewe unaishi kaunti ya Kilifi unajua kuliko mimi, wazee wanauawa huko kwa kusingiziwa uchawi, mvi tu zimekuwa hatari, na mara nyingine chini yake ni shamba linagombaniwa. Kwa hivo hofu ya watoto wake ni hofu ya kweli, usiwaone wakorofi. Nendeni nyumbani kwao mkiwa wanne watano wa dini tofauti, mkae naye uani mchana peupe, awafundishe hapo hapo mbele ya wanawe na wajukuu, majirani wakipita wanaona. Mzee anayetembelewa kila Jumamosi na kina mama wa Kiislamu na wa Kikristo na watoto wanamzunguka wanacheka, ni vigumu sana mtu kuja kumtungia maneno. Sisemi itamlinda kwa kila kitu, lakini mzee aliyeachwa peke yake ndo wa kwanza kuguswa. Mkifanya hilo tu na msifanye onyesho hata moja mwaka mzima, mimi kwangu kundi lenu limefanya kazi yake.

Sasa hayo ya mizimu. Mcheze mchana, mcheze nje, mlango wazi. Mwalikeni mchungaji na maalim waje wakae waone, muwape viti vya mbele na chai, na kabla ya kila wimbo mmoja wenu aeleze maneno yake yanasema nini, huu ni wa kuvuna, huu wa kumpeleka bibi arusi, huu wa kuchekesha mume mvivu. Watu wengi wanaokataza ngoma hawajawahi kuelezwa maneno. Na kama kweli kuna wimbo ambao ni wa tambiko, wenye wakati wake na watu wake, muuacheni kwa wenyewe, msiuchezee jukwaani. Mkijiwekea mpaka nyinyi wenyewe mtaheshimika pande zote mbili.

Na wewe kama Mgiriama usikubali mtu akwambie ngoma ni upuuzi wa wanawake. Mekatilili wa Menza alipotaka kuwaamsha watu mwaka 1913, Waingereza wanataka kodi ya nyumba na vijana wa kwenda kufanya kazi za kulazimishwa, hakuwa na gazeti wala redio. Alikuwa na kifudu. Ile ni ngoma ya msibani, yeye akaicheza kijiji kwa kijiji na watu wakamfuata, wakijaa ndo anasema nao. Kutoka hapo wakala viapo kwenye kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, wanawake kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi. Wakamkamata pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka mbali kabisa Kisii, wakatoroka wakarudi kwa miguu. Na Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Fikiria hilo, serikali nzima na bunduki zake ikaona lazima ilipue msitu wanakokutana watu. Leo sanamu yake ipo hapo Malindi mjini na kila Agosti anakumbukwa kwa ngoma hizo hizo. Na makaya ya Mijikenda yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, kwa hivo huko nje kunatambuliwa kile unachoambiwa hapa kwako uone aibu.

Kwa mume wako, asimame na nyinyi siku moja. Mpe kazi ya kubeba, au ya kupokea wageni. Wanaume wengi wanakataa jambo wanalolisikia kwa watu, wakilishika kwa mikono wanabadilika. Akikataa bado, msikilize anaogopa nini hasa, pengine ni kurudi usiku tu, na hilo linarekebishika.

Na huo mchanganyiko wenu mulinde kama mboni ya jicho. Kila mmoja alete wimbo wa nyanya yake na wengine wote wajifunze maneno yake vizuri, Mbajuni aimbe Kigiriama asikosee, Mgiriama aimbe Kibajuni. Nimeona vikundi vya watu mchanganyiko ambapo kila kabila linacheza lake halafu linakaa, hapo mmepanga foleni tu hamjachanganyika.

Niko Chicago, nataka kujenga nyumba ya sanaa Lamu

*Salaam mwalimu, mimi ni mtu wa Amu lakini nafanya kazi Chicago miaka mingi. Hapa mitaa ina vituo vyake vya sanaa, watoto wanachora, wazee wanakuja, watu wanajuana. Nimeweka pesa kidogo na wenzangu tuliotoka nyumbani, tunataka kununua kiwanja tujenge kituo. Wengine wananiambia ni ndoto. Unaonaje?*

Kakangu, si ndoto, lakini jengo liwe la mwisho. Na kwa vile uko Chicago nitakutuma kwenye nyumba moja, 3831 South Michigan Avenue, South Side Community Art Center. Ilifunguliwa 1940 na mwaka uliofuata Eleanor Roosevelt mke wa rais akaja kuizindua. Wakati ule serikali ya Marekani ilikuwa na mpango wa kuajiri wasanii sababu ya ile njaa kubwa ya kazi, ikalipa walimu na ukarabati, lakini nyumba yenyewe pesa zilitafutwa na watu weusi wa mtaa ule. Msanii mmoja kijana, Margaret Burroughs, alisimama barabarani akiomba wapita njia senti kumi kumi, walikuwa wanataka sarafu zitimie maili nzima zikipangwa. Vita vikaja, mpango wa serikali ukafungwa, vituo vingi kama hivo nchi nzima vikafa. Hiki kipo mpaka leo. Mimi naamini ni sababu ya zile senti kumi, mtu akishatoa sarafu yake hawezi kuona mlango unafungwa akanyamaza.

Huyo huyo Margaret alikuwa mwalimu wa shule, na mwaka 1961 yeye na mumewe na wenzao wakaanzisha makumbusho ya historia ya watu weusi, wakayaanzia sebuleni kwao. Leo ni makumbusho makubwa, yanaitwa DuSable. Na ukienda mtaa wa Pilsen hapo hapo mjini kwenu kuna makumbusho ya sanaa ya Wameksiko, mwalimu Carlos Tortolero na walimu wenzake walianza 1982 na dola 900, jengo wakafungua 1987, kiingilio ni bure mpaka sasa. Utaona wote hao ni walimu, watu waliokuwa wakiwaona watoto wa mtaa kila siku, na kazi ilitangulia nyumba ikafuata.

Sasa Lamu. Majengo tunayo. Ngome ile ilijengwa kuanzia 1813 ikamalizika 1821, ikawa jela mpaka 1984, sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na pale mbele Mkunguni hapakosi watu. Kila nyumba ya zamani ina daka lake, kile kibaraza cha mlangoni, na viti vya mawe pande zote, hapo watu walikaa wakatungiana mashairi kabla ya taa za umeme. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua mlango kila Alhamisi bila kukosa, na kitu cha kufanya mkishakaa. Mzee anayejua zumari analazimika kwenda kubeba mizigo gatini, fundi wa kuchonga milango hana muda wa kumfundisha mtoto bure sababu anakimbizana na oda. Hapo ndo pesa yenu iende mwanzo. Mlipeni fundi masaa yake ya jioni, watoto wachache, nyundo na patasi zao, kwenye daka la mtu wa ukoo wenu. Fanyeni mwaka mzima. Halafu watu wa mtaa nao wachange, hata kidogo sana, hata kama nyinyi mnaweza kulipa zote, wachange. Na kiwanja msinunue kwa simu, ardhi ya Lamu ina kesi nyingi mno, na mkinunua kwa jina la mtu mmoja mmeshaharibu.

Na jambo la mwisho kakangu, usichague wewe nani awe kiongozi kule nyumbani kwa sababu anajibu meseji zako haraka. Uliza mtaani, kukiwa na msiba nani anafika wa kwanza kutandika mikeka. Huyo.

Nyanya yangu na vugo

*Mwalimu naandika kwa niaba ya nyanya yangu wa Mkomani, yeye hajui kutype. Wana kundi lao la vugo na lelemama la akina mama, zamani walikuwa wengi sasa wamebaki wazee, wasichana hawataki. Na kuna mtu aliwarekodi kwenye arusi akaweka nyimbo kwenye intaneti na mdundo wa kisasa, hakuwauliza, jina lao hakutaja. Nyanya analia anasema ni bora zife tu.*

Mjukuu mwema, msalimie nyanya sana, mwambie mimi nikisikia pembe za vugo zinagongwa kichochoroni usiku wa arusi na wanawake wanakuja wanajibizana, mwili wangu wote unasimama, na wako wasichana wengi wanaohisi hivo ila hawajaulizwa. Hawataki kukaa nyuma wakashika pembe miaka kumi kabla hawajaruhusiwa kuimba mstari mmoja. Nyanya awape mstari mapema. Bora wakosee wakiwa ndani ya kundi.

Unguja kuna kundi la taarabu, Nadi Ikhwan Safaa, liko tangu 1905. Na toka 2002 kuna chuo cha muziki pale Mji Mkongwe ambapo kijana anajifunza udi na kanuni kwa wazee wenyewe. Lamu hatuna chuo kama hicho lakini wewe mjukuu una simu. Anza wewe. Kaa na nyanya, wimbo mmoja kwa wakati, andika maneno yote, uliza alitunga nani, uliimbwa arusi gani, nani alikuwa anapigwa vijembe (manake nyimbo zile zina vijembe, na nusu ya utamu uko hapo). Halafu mrekodi yeye mwenyewe kwa ridhaa yake, na kundi likubaliane kipi kitoke nje na kipi kibaki. Nyimbo za ndani ya ukumbi wa wanawake hazitoki, hilo nyanya ndo anayeamua na si wewe.

Juu ya yule aliyechukua. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inataka mtu wa nje apate ridhaa ya jamii kabla ya kutumia, na kaunti imepewa kazi ya kuzisajili hizo sanaa. Na kuna bodi ya hakimiliki, KECOBO. Lakini nianze kwa njia yetu, mtafuteni huyo kijana, atakuwa wa hapahapa, mwiteni kwa mamake, akae mbele ya hao akina mama awaambie nyimbo alizipata wapi. Atake radhi, aandike jina la kundi, na kama anapata pesa agawe nao. Akikaidi, basi kesi ipo na ushahidi mtakuwa nao kwenye daftari lako la maneno. Ndo maana nakwambia andika tarehe.

Mheshimiwa ametuahidi ngoma mpya

*Tuko kundi la vijana Shela. Mheshimiwa mmoja ameahidi ngoma mpya na spika na fulana zenye picha yake, tuzivae kila tukicheza. Wengine wanasema tukatae, wengine wanasema mgala muue na haki yake mpe. Tuchukue?*

Ngoma na spika chukueni, ziandikwe siku hiyo hiyo kwenye daftari kwamba ni mali ya kundi, naye atie sahihi. Fulana hapana. Mkivaa picha yake kwenye arusi ya mtu ambaye hakumpigia kura, mmemfanya mwenye arusi mgeni kwenye shughuli yake mwenyewe, na kura zikija kundi litapasuka katikati. Akisema bila fulana hakuna ngoma, mwambieni ahsante na muachane kwa heshima.

Na mjue kitu, katiba yetu ya 2010 imeweka shughuli za utamaduni kwenye kazi za kaunti. Hiyo ni bajeti, haina picha ya mtu. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti nendeni mkiwa kundi zima, si mwenyekiti peke yake, na barua imeandikwa: tunataka nini, cha kiasi gani, kitawafaa watoto wangapi wa Shela. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo.